Bingwa Aliyebaki Mstarini

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake limefungiwa wizarani kwa sababu za usalama, palikuwa na barabara moja nzuri kuliko zote. Nyingine zilikuwa barabara kwa mujibu wa ramani. Hii ilikuwa barabara hata kwa kuitazama. Ilikuwa pana, nyoofu, nyeusi tii, na imechorwa mistari myeupe. Ilijengwa ili mgeni mmoja mkubwa kutoka ng'ambo apite juu yake akitoka uwanja wa ndege kwenda ikulu. Mgeni akapata udhuru, uwanja wa ndege haukujengwa, na ikulu ikawa iko upande mwingine wa nchi. Kwa hiyo barabara ilianzia kwenye shamba la mihogo ikaishia kwenye shamba la mihogo, na serikali iliizindua mara tatu.

Watu wa kawaida hawawezi kuona kitu kizuri kimekaa bure. Kila Jumapili baada ya chai, mafundi, madereva wa teksi na wachuuzi wenye magari yao ya kuungaunga walikwenda pale kushindana. Magari mawili yalisimama sambamba kwenye mstari, mtu akaangusha leso, na yote mawili yakatoka mbio mpaka kwenye pipa jekundu lililokuwa mwisho wa lami. Aliyelifikia pipa kwanza alikuwa ameshinda. Hawakuwa na kanuni nyingine, maskini, kwa kuwa hawakuwahi kupelekwa semina.

Walichokuwa nacho ni desturi. Mbio zikiisha, mshindi alifungua boneti ya gari lake akaishika juu kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kijiti, na aliyeshindwa akainama ndani akatazama mpaka aridhike. Alikuwa na ruhusa ya kuuliza lolote, na lolote alilouliza alijibiwa. Akiona hila, aseme hapo hapo mbele za watu. Asipoona, basi ameshindwa kwa haki, na wote wawili wanakwenda kula mihogo ya kuchoma. Boneti za zamani ni nzito, na wako washindi waliotetemeka mkono huku mshindwa akiuliza swali la kumi kwa makusudi.

Mtu aliyeinama zaidi ya wote kwenye boneti za wenzake alikuwa Badi Msuko. Badi alikuwa dereva wa teksi, hodari wa maneno kuliko gia, na teksi yake ilikuwa imeshabadilishwa kila kitu isipokuwa tabia. Alishindwa karibu kila Jumapili, na mara nyingi alishindwa na Tatu Gombeka. Tatu alikuwa fundi, mwanamke wa watu, aliyemzidi Badi miaka ya kutosha kumbeba mgongoni. Alikuwa na pikapu ya kubebea kuku wa watu sokoni, na injini yake aliiunda mwenyewe kutokana na injini tatu zilizokufa kwa nyakati tofauti. Ikienda kasi, manyoya yaliyosalia kwenye matenga yaliruka nyuma yake yakatua juu ya watazamaji, na watoto waliyagombania.

Yote ambayo Badi aliyajua kuhusu magari aliyajua akiwa ameinama kwenye boneti ile, Dada Tatu amesimama juu yake, mkono hewani, akimjibu. Kazi zake Tatu alizifanya chini ya turubai kando ya mtaro wa maji machafu. Mvua ikinyesha alilala chini ya gari la mteja maji yakipita mgongoni mwake, na hakuwahi kumrudisha mtu kwa sababu ya mvua. Badi alimpenda kama mtu anavyompenda aliyemfundisha kazi. Hili lieleweke mapema, maana baadaye litakuwa gumu kuaminika.

*

Siku moja Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mheshimiwa Shabuka Ngwena, alipotea njia akiutafuta mradi aliokuwa ameufungua mwaka uliotangulia. Akatokea kwenye ile barabara, akakuta watu wanacheka. Akauliza ni sikukuu gani. Akaambiwa si sikukuu. Akauliza kibali cha mkusanyiko kimetolewa na nani, na watu wakatazamana. Mheshimiwa hakukasirika, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa hatari. Alishusha kioo, akatazama jozi mbili za magari zikishindana, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba hajapata kuona dhuluma kama ile.

Haukupita mwezi, likaundwa Baraza la Taifa la Usawa wa Mbio Fupi. Wajumbe wake wote walikuwa watu wazito, na hapana hata mmoja aliyejua kuendesha gari, kwa sababu kila mmoja alikuwa na dereva. Nembo ya Baraza ilikuwa konokono aliyevishwa shada la maua, na chini yake imeandikwa: Haraka haraka haina baraka.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "mpaka leo mmekuwa mkishindana kwa kigezo kimoja tu, nacho ni nani amefika mbele. Huu ni ubaguzi. Wale waliofika nyuma, je, wao si wananchi? Na wao walifika, tena walitumia muda mwingi zaidi kuitumikia barabara ya taifa."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wakipita katikati yao kuhesabu mikono. Kisha akatangaza zawadi. Bingwa wa mwaka angekabidhiwa Karakana ya Taifa, lile jengo jeupe lililojengwa kuhifadhi magari ya yule mgeni ambaye hakuja. Lilikuwa na paa zima, shimo la kuingilia chini ya gari, jeki ya umeme, na sakafu iliyopakwa rangi. Tangu lijengwe halikuwahi kuona tone la oili.

Jioni ile Badi alimkuta Tatu akizunguka nje ya jengo, amebandika kiganja ukutani kama mtu anayempima mgonjwa homa. Hakumwambia mengi. Alimwonyesha kwa kidole dirishani pale ambapo angeweka benchi lake, na pale ambapo angetundika spana.

"Na ile kona ya mlangoni yako wewe, ukiitaka," alisema.

Badi alicheka, akasema ataitaka. Hakumkumbusha jambo ambalo mji mzima ulishalikumbuka, kwamba Mheshimiwa Shabuka Ngwena ndiye aliyemwoa Mwanahawa, dada yake Badi wa tumbo moja. Tangu siku ya uzinduzi, Badi akifika kijiweni wenzake walimpisha kwenye benchi nafasi kubwa kuliko alivyohitaji, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya vitunguu.

*

Kanuni ya kwanza iliitwa Kanuni ya Ahadi. Inasemekana ilitoka ng'ambo, ambako wanaitumia ili gari bovu liweze kushindana na gari zima: kila dereva hutaja mapema muda atakaoutumia, mwenye gari bovu huachwa atangulie kwa tofauti hiyo, na anayekwenda kasi kuliko alivyotaja huondolewa kwa kuwa alificha nguvu zake. Huko kwao ina akili. Lakini iliposafiri ililowa njiani, na Baraza likaweza kusoma sehemu ya mwisho tu. Kwa hiyo katika nchi ile ikawa hivi: anayekwenda kasi kuliko alivyoahidi ameidanganya serikali. Anayekwenda taratibu kuliko alivyoahidi hajavunja kitu, ila utekelezaji wake unaendelea. Serikali ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili, na ilifurahi kuushirikisha umma.

Jumapili ya kwanza Tatu aliahidi sekunde kumi na tano. Upepo ulikuwa nyuma yake, pikapu ilikuwa imeamka vizuri, akalifikia pipa kabla ya kumi na tano hazijatimia. Akapewa pointi sufuri na onyo. Badi aliahidi ishirini. Gia ikakwama, silensa ikadondoka, akashuka, akaiokota, akaiweka kiti cha nyuma, akaendelea. Alipofika pipani watu walishaanza kula. Akapewa pointi zote, na mjumbe mmoja akamsifu kwa nidhamu.

Badi alicheka sana. Alicheka mpaka alipogundua kwamba Tatu hacheki.

Tatu, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua boneti na kuishika juu, maana yeye ndiye aliyefika mbele na mwenzake ana haki ya kutazama. Badi akasogea ainame. Askari akawazuia. Akaeleza kwa adabu kwamba boneti ni siri ya mwananchi, na kwamba kuinamia boneti ya mwenzio sasa ni upekuzi. Baraza litakagua lenyewe, kwa niaba ya wote, likipata nafasi. Kisha akatoa lakiri nyekundu yenye nembo ya konokono apate kuifunga boneti. Tatu alibaki vilevile, mkono juu, akimtazama Badi aseme neno. Badi alikuwa na neno. Alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote pale, na shemeji yake alikuwa ameketi hatua chache tu chini ya mwavuli. Akarudi nyuma. Alisikia boneti ikifungwa, na masikio yake yakawa ya moto mpaka alipofika nyumbani.

*

Tatu si mtu wa kulia kwa jambo lenye dawa. Jumapili zilizofuata akaahidi muda mfupi ambao pikapu ile haijawahi kuushinda hata ikiteremka mlima, kisha akaendesha kwa nguvu zote. Hakuvunja ahadi, na akafika mbele kila mara. Pointi zikaanza kumjia.

Baraza likaingia katika kikao kirefu, chenye posho, likatoka na Pointi za Maendeleo. Ikaelezwa kwamba nchi inayoendelea lazima iwatuze wanaoendelea. Aliyekuwa wa kwanza akabaki wa kwanza hajapiga hatua yoyote, kwa hiyo hana cha kutuzwa. Aliyekuwa wa mwisho akawa wa kabla ya mwisho, huyo amepiga hatua, na taifa limeona. Jumapili hiyohiyo teksi ya mtu mwingine iling'oka gurudumu, na Badi, bila kuongeza mwendo hata kidogo, akaendelea kupita kiasi.

Zikafuata Pointi za Fidia kwa wenye mwendo wa pole, ili nao wasijisikie vibaya. Zikafuata Pointi za Usafi. Manyoya ya kuku yakatambuliwa rasmi kuwa uchafuzi wa anga ya taifa, na kila unyoya ulioonekana ukipepea ulipunguza hesabu ya Tatu. Mjumbe mmoja mwenye shahada mbili alipewa kazi ya kukimbiza manyoya barabarani na kapu.

Madereva wengine hawakuwa wajinga. Waliona upepo unakovuma, wakaanza kushindana kwa kutofika. Magari mawili yakitoka mstarini asubuhi, watazamaji walitandika mikeka, wakabandika ubwabwa, wakalaza watoto. Injini zilichemka kwa kwenda polepole. Siku moja mzee aliyekuwa akimswaga mbuzi aliyapita magari yote mawili akalifikia pipa kabla yao, akakamatwa kwa kosa la kushinda bila kusajiliwa. Mbuzi alibaki kama kielelezo, na inasemekana kielelezo kilikuwa kitamu. Mwisho wa msimu Baraza lilitangaza kwamba ajali zimekwisha kabisa na lami haijachubuka.

Ni Tatu peke yake aliyeendelea kwenda mbio. Wenzake walimwambia apunguze, wakambembeleza, wakamwita mbishi. Yeye alisema mbio ni mbio, na akafuta miwani yake.

*

Badi alikwenda kwa dada yake. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, na mlangoni alikuwa bado nayo. Mwanahawa akamwandalia pilau ya nyama, kachumbari na ndizi mbivu, akakaa mbele yake amtazame anavyokula, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo. Badi akaanza kusema kwamba pointi zile zinamtia haya. Kwamba watu wanaongea. Kwamba Dada Tatu anastahili.

Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Badi, shemeji yako ameweka jina lake kwenye jambo hili," alisema. "Ukisimama mbele za watu ukasema pointi zako ni za bure, unasema yeye ni nani? Na mimi ninayekaa humu ndani ni nani? Mama alipougua, gari lililomfikisha hospitali lilikuwa la nani?"

Mheshimiwa mwenyewe akaingia, akavua viatu, akakaa, akala kwa mkono kama mtu yeyote. Alipoambiwa alisikitika. Alisema amejitahidi sana asimpendelee shemeji yake. Kila kanuni imepitishwa bila jina la Badi kutajwa hata mara moja, na wajumbe waliokuwa wakielekea kulitaja aliwanyamazisha. Macho yake yalikuwa ya mtu mkweli. Badi alijaribu kuona uongo ndani yake hakuuona, na hapo akakosa pa kushika. Akamaliza pilau. Jambo lililomuuma baadaye, akiwa peke yake ndani ya teksi, ni kwamba pilau ilikuwa tamu na aliongezewa mara mbili.

*

Fainali ilikutanisha wenye pointi nyingi zaidi wawili, Badi juu, Tatu nyuma yake kidogo. Basi hapo Mungu naye akafungua kadirisha. Kiongozi Mkuu wa nchi alitaka kuhudhuria, na Kiongozi Mkuu alikuwa amehudhuria nusu fainali akapitiwa na usingizi mbele ya mabalozi. Ikulu ikaagiza safari hii aone kitu kinachokwenda kasi. Kwa hiyo Baraza, kwa shingo upande, likatangaza kwamba fainali itaendeshwa kwa kanuni ya kishenzi ya zamani: hakuna ahadi, hakuna maendeleo, hakuna manyoya, wa kwanza kulifikia pipa ndiye bingwa.

Hata mtoto wa chekechea alijua maana yake. Badi angekuwa nyuma ya Tatu kwa umbali wa kutosha kumpigia simu. Alichotakiwa kufanya ni kuendesha tu.

Lakini Badi alikuwa akiogopa pointi kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa ung'ongo. Kila alipoendesha vibaya, alishinda. Aliona kutofanya lolote ndiyo salama yake. Siku moja kabla ya fainali akamfuata Tatu chini ya turubai akamnong'oneza kwamba hataondoka mstarini kabisa. Atazima gari, atakunja mikono, ili dunia nzima ione ushindi ni wa nani.

Tatu alikuwa chini ya gari la mteja. Alijivuta akatoka, akakaa.

"Usinipe, Badi," alisema. "Endesha. Nikikushinda, nikushinde."

Badi alimwambia asiwe na wasiwasi. Na tuseme kweli, maana hapa ndipo penye kidonda: haikuwa hofu peke yake. Alitamani kuonekana. Alikuwa amenyamaza msimu mzima ilipomgharimu kusema, na sasa alitaka siku moja ya kuwa mtu mwema, mbele ya umati, bila kumkera shemeji kwa neno hata moja. Alijipangia hata namna atakavyokunja mikono.

Leso ikaanguka. Pikapu ikachomoka, manyoya yakapaa, na Kiongozi Mkuu akanyanyuka kitini akapiga makofi kwa furaha isiyo ya kiserikali. Badi alikunja mikono kama alivyopanga. Kwa muda uliomtosha Tatu kulifikia pipa, Badi Msuko alikuwa mtu mwema.

Kisha wajumbe wakakusanyika chini ya mwavuli. Vichwa vikatikiswa, vitabu vikafunuliwa, na Katibu wa Baraza akashika kipaza sauti. Alisema mshindi ni wa kwanza, hilo halina ubishi. Lakini mtu hawezi kuwa wa kwanza mpaka awepo wa pili. Akiwa peke yake si wa kwanza, ni msafiri tu. Ndugu Badi Msuko hajafika. Hajashindwa pia, kwa kuwa muda wake bado unahesabiwa, na Baraza haliwezi kumhukumu mwananchi ambaye bado yuko safarini. Kwa hiyo fainali haikufanyika, na ubingwa utaamuliwa kwa pointi za msimu.

Badi akakunjua mikono. Akauvamia ufunguo. Teksi, ambayo kwa miaka yote haikuwahi kuwaka kabla ya kubembelezwa, iliwaka papo hapo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake gia ya kwanza iliingia bila kelele. Akakanyaga mafuta. Askari wawili wakasimama mbele ya boneti mikono juu: msafara wa Kiongozi Mkuu ulikuwa umeshaingia barabarani kuondoka, na mbele ya msafara gari lolote haliruhusiwi kutembea mpaka jua lizame. Badi alipiga honi. Wakamwandikia kosa la honi, kisha walipomtambua wakachana karatasi na kumpongeza.

Mbali, kwenye pipa, Tatu alikuwa ameshashuka. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa pikapu, akingoja wa pili.

*

Sherehe ya kukabidhi ilifanyika mbele ya karakana. Wananchi waliketishwa kwa mistari, na Tatu akawekwa mstari wa mbele ili aonyeshe uanamichezo. Badi akaitwa jukwaani. Akashika kipaza sauti, akamwona dada yake amevaa kitenge kipya, akafumba macho, akasema.

"Ushindi huu si wangu. Ni wa Dada Tatu Gombeka. Kila mtu hapa anajua."

Badi alihisi mwili mwepesi, akadhani yamekwisha. Ndipo Mheshimiwa Shabuka Ngwena akainuka taratibu, akitokwa na machozi, akamkumbatia. Akasema katika utumishi wake wote hajaona unyenyekevu kama huu, na kwamba Baraza, likiwa limeketi hapo hapo kwa dharura, limemwongezea bingwa Pointi za Ukweli. Watu wakapiga makofi. Askari wakapita kuhesabu. Tatu naye alipiga makofi, polepole, akitazama chini.

Kisha Mheshimiwa akanyoosha ufunguo. Ulikuwa wa shaba, mkubwa, umefungwa utepe. Meza ilikuwa pembeni, na ngazi za kushukia zilikuwa nyuma yake. Badi angeweza kuuacha juu ya meza ile, akashuka, akaenda zake. Watu waliokuwa mbele waliona alivyoitazama meza. Mwanahawa alikuwa akitabasamu huku midomo ikimtetemeka. Badi akanyoosha mkono akapokea. Moyoni alijiambia kesho atampelekea Tatu. Kesho yake akaonyeshwa kanuni inayosema zawadi haihamishiki kwa mtu mwingine, akaisoma kwa masikitiko, na katikati ya masikitiko akajigundua anaona nafuu. Nafuu ile ilimtia haya kuliko mambo yote yaliyotangulia.

*

Karakana ikapata wateja, maana magari ya wizara yalielekezwa huko. Njia ya kuiendea ikapambwa kwa maua na mawe yaliyopakwa chokaa. Kwa ajili ya mapambo hayo, turubai la kando ya mtaro liliondolewa asubuhi moja na tingatinga la manispaa. Badi alisikia. Alisema ataenda kumwona Tatu mambo yakitulia, kisha akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kazini, ambayo ilikuwa ndefu na yenye tope. Kuku wa sokoni sasa walibebwa na gari la mtu mwingine.

Akawa na meza yenye kioo. Mafundi vijana walimwita bosi, na alipoinamia injini kutoa maoni walikubali kila alilosema, hata alipokuwa amekosea. Alikosea mara kwa mara. Nyumbani alianza kula kidogo. Mwanahawa alisema ni uchovu wa mafanikio, akamletea supu.

Asubuhi moja ya mvua mtu alisimama kwenye mlango mkubwa. Alikuwa Tatu, amelowa, na begani ana gunia. Ilisemekana Baraza limetangaza nafasi ya fundi. Alitazama ile sakafu iliyopakwa rangi, akavua ndala zake akaziacha nje, akaingia peku. Badi aliinuka nusu. Alikuwa ameyaandaa maneno kwa ajili ya siku hii kwa wiki nyingi, ya kuomba radhi, ya kumwambia achague upande wowote, benchi liwe pale dirishani alipotaka.

Tatu alifika mbele ya meza, akashusha gunia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, bosi," alisema.

Badi alimtazama usoni kwa haraka kutafuta dhihaka. Angeshukuru sana kuiona. Hakuiona. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka, mwenye shida na kazi, anayemwamkia mwenye kazi.

"Marahaba," alisema Badi.

Neno lilitoka lenyewe, zuri, limekamilika, kama vile alikuwa amelizoea siku nyingi. Kijana mmoja aliyekuwa chini ya gari aliacha kugonga. Tatu aliitikia kwa kichwa, akanyanyua tena gunia lake, akauliza spana aziweke wapi.